Jamaa za Mwimbaji

Tarehe 25 Novemba 1996, katika mji wa Montreux, kando ya Ziwa la Geneva nchini Uswisi, ilifunuliwa sanamu ya shaba ya mtu aliyeinua ngumi juu, kama anayeliamuru ziwa linyamaze. Waliokusanyika pale waliijua sura ile. Walikuwa wameiona juu ya majalada ya santuri, na wengine walikuwa wameibandika kutani tangu ujana wao. Mmoja wa waliopewa heshima ya kuifunua alikuwa Montserrat Caballé, mwimbaji mashuhuri wa Uhispania. Wa pili alikuwa mzee aliyekaribia miaka tisini, ambaye hakujulikana kwa kuimba wala kwa kupiga chombo. Alikuwa karani. Jina lake lilikuwa Bomi Bulsara, na miaka zaidi ya thelathini kabla ya siku ile kazi yake ilikuwa kuhesabu fedha za Mahakama Kuu ya Unguja. Sanamu ile ilikuwa ya mwanawe.

Msomaji, hata kama hulijui jina la mwana huyo, sauti yake labda unaijua. Nyimbo zake huimbwa viwanjani timu inapochukua kikombe, na hata ndani ya matatu za Barabara ya Thika mtu huzisikia mara mojamoja, zikishindana na honi na kelele za makanga. Dunia humwita Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen la Uingereza, na muziki wake huitwa roki. Nilipowaambia wanafunzi wangu hapa Mugutha kwamba mtu huyo alizaliwa Unguja, niliyangojea maswali ya kawaida: alikuwa na mali kiasi gani, na aliimba mbele ya watu wangapi? Msichana mmoja aliyeketi nyuma akauliza jingine. "Mwalimu, watu wake wako wapi?"

Nililipenda swali lile kuliko majibu yote niliyokuwa nimeyaandaa. Kwetu sisi, mgeni akiingia uani, kabla hajapewa kigoda huulizwa ni mtoto wa nani na ametoka upande gani. Jina peke yake halitoshi. Mwanahistoria naye, akijua kazi yake, hana budi kuanza vivyo hivyo, maana mtu maarufu huwa na majina mawili: lile alilojipatia mbele ya umati, na lile aliloitwa na mama yake. Wapenzi wa nyimbo hulijua la kwanza. La pili wanalo jamaa. Nataka tufuate njia ya wale waliotoka katika jina la kwanza wakitafuta la pili, tuone walikutana na nani.

Jina la pili lilikuwa Farrokh Bulsara. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa kwanza wa Bomi na mkewe Jer. Wazazi wake walikuwa Waparsi, watu ambao mababu zao walitoka Uajemi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakakimbilia Gujarati nchini India pamoja na dini yao ya kale, dini ya mtume Zarathustra, ambayo waumini wake huutunza moto katika hekalu kuwa alama ya nuru na usafi. Jina la Bulsara limetokana na mji wa Bulsar huko Gujarati. Chini ya utawala wa Waingereza, Waparsi wengi walipata elimu na kazi za afisini, na baadhi yao wakavuka bahari kuja Unguja, nchi iliyokuwa chini ya hifadhi ya Uingereza tangu mwaka wa 1890. Hawakuwa wengi. Kati ya Waarabu, Waafrika, Wahindi na Wangazija wa Mji Mkongwe, Waparsi walikuwa kama chumvi katika mchuzi: kiasi kidogo, lakini palihisika walipokuwapo.

Mtoto yule hakukaa sana. Mwaka wa 1954, akiwa na miaka minane, alipelekwa India kusoma katika shule ya bweni ya Mtakatifu Petro, mjini Panchgani. Hebu ipime safari hiyo, wewe ambaye labda huenda shule kwa miguu, ukarudi jioni ukakuta chai mezani. Ilimbidi avuke Bahari ya Hindi kwa meli, kisha apande milima ya nchi asiyoijua. Dada yake, Kashmira, alikuwa amezaliwa mwaka wa 1952. Kwa hiyo kaka alipoondoka, dada alikuwa ndiyo kwanza anajifunza maneno. Huko Panchgani wenzake walianza kumwita Freddie, na huko akapiga piano katika bendi ya wanafunzi. Basi jina la kwanza, lile la umati, lilianza kuota shuleni, mbali na macho ya mama. Likumbuke jambo hili, kwa maana wapenzi wanapowaendea jamaa za mwimbaji hudhani kwamba jamaa wanajua kila kitu. Jamaa hawa walikuwa wamempungia mtoto mkono bandarini akiwa na miaka minane. Wao wenyewe walikuwa wakimngoja.

Alirudi Unguja akiwa kijana, lakini nyumbani hapakudumu. Tarehe 10 Desemba 1963 Unguja ilipata uhuru chini ya Sultani, na tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yakaiondoa serikali ile. Maelfu ya watu waliuawa, na maelfu wengine, hasa Waarabu na watu wenye asili ya Kihindi, wakaondoka visiwani. Sitayaeleza hapa Mapinduzi yenyewe, yenye sababu ndefu za ardhi, ukoo, utumwa na siasa. Hayo yanataka insha yake. Kwa ajili ya habari hii inatosha kusema kwamba karani wa mahakama ya serikali iliyoanguka, mgeni kwa asili na raia wa Uingereza kwa hati, hakuwa na la kungoja. Katika mwaka huo wa 1964 jamaa wote wanne walihamia Feltham, mtaa wa wafanyakazi upande wa magharibi wa London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Baba alitafuta tena kazi ya hesabu. Mama akafanya kazi dukani. Mwana alibeba mizigo uwanja wa ndege wakati wa likizo, huku akisomea sanaa ya uchoraji katika chuo cha Ealing.

Yaliyofuata yameandikwa katika vitabu vingi, nami nitayapita upesi. Mwaka wa 1970 aliingia katika kundi lililokuja kuitwa Queen, akaliacha jina la Bulsara, akajiita Mercury. Mbele ya waandishi wa magazeti alisema machache mno juu ya Unguja. Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, aliimba kwa dakika kama ishirini mbele ya watu 72,000, na mamilioni wengine wakitazama kwa televisheni, ili kuchangisha fedha za kuwasaidia wenye njaa Ethiopia. Mara nyingi nimewaza juu ya siku hiyo. Mzaliwa wa Afrika Mashariki alisimama kuwaombea watu wa Afrika Mashariki, na katika uwanja ule sidhani kama walikuwapo wengi waliojua.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1991, kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu kwamba anaugua. Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Na hapo, msomaji, jina la pili lilirudi. Mazishi yake hayakuendeshwa kwa desturi za wanamuziki wa London. Siku tatu baadaye makuhani wa dini ya Zarathustra walimsomea sala kwa lugha ya kale ya wazee wake, kama ambavyo wangemsomea mwana wa karani yeyote wa Kiparsi. Mwili ulichomwa. Majivu aliachiwa rafiki yake wa siku nyingi, ambaye aliyaweka mahali ambapo ulimwengu haukuambiwa, kwa kufuata matakwa ya marehemu mwenyewe.

Hebu fikiri maana yake kwa wale waliompenda. Kwetu mtu akifa, hata asiye ndugu anayo njia ya kulipa heshima yake. Ataenda kaburini, atasimama kidogo, halafu ataingia nyumbani kwa wafiwa na pakiti ya majani ya chai au kilo mbili za sukari, maana mkono mtupu haulambwi. Kaburi na nyumba ni milango miwili ya msiba mmoja. Kwa Freddie Mercury mlango wa kaburi ulifungwa. Wapenzi wakawa wanasimama nje ya ukuta wa nyumba yake mjini London, wakiandika majina yao ukutani na kuacha maua chini. Uliobaki ulikuwa mlango wa jamaa.

Na jamaa walifanyaje? Wangeweza kujifungia, na nadhani hakuna ambaye angewalaumu. Walikuwa watu wa haya, wa dini yao na wa kazi zao, wasiozoea taa za wapiga picha. Mwana wao alikuwa ameishi maisha ambayo magazeti ya Uingereza yaliyafukuafukua bila huruma, hata alipokuwa kitandani akifa. Hata hivyo walitoka. Baba alikwenda Montreux mwaka ule wa 1996, kama nilivyotangulia kusema. Naye akafariki mwaka wa 2003. Tangu mwaka huohuo wa 2003 wapenzi kutoka nchi nyingi wamekuwa na desturi ya kukutana penye sanamu ile kila Septemba, mwezi wa kuzaliwa kwake. Kwa kukosa kaburi, wamejifanyia mahali pa kukutanikia.

Kisha ikaja siku ya Feltham. Tarehe 24 Novemba 2009, miaka kumi na minane kamili baada ya kifo chake, bamba la jiwe lenye nyota lilizinduliwa katikati ya mtaa ule ambao familia ilihamia kutoka Unguja. Aliyelizindua alikuwa mama yake, Jer Bulsara, akiwa na miaka themanini na saba, pamoja na Brian May, mpiga gitaa wa Queen. Wapenzi walijaa barabarani.

Hapa ningependa tusimame kidogo. Mkutano huu haukuwa wa tajiri na maskini, wala wa mtawala na raia. Watu wale hawakuwa na haki yoyote juu ya bibi yule, wala yeye hakuwa na deni kwao. Kilichowaleta pamoja ni mtu mmoja asiyekuwapo, na kila upande ulimjua kwa sehemu. Wao walijua sauti yake, mavazi yake na namna alivyoweza kuufanya umati mzima uitike kwa neno moja. Mama alimjua mtoto aliyezaliwa kisiwani chini ya bendera ya Sultani, aliyefundishwa sala za Kiparsi, aliyepelekwa melini akiwa na miaka minane. Hakuna kitabu kilichoweza kuwapa wapenzi sehemu ile kwa namna ambayo uso wa mama uliwapa. Na mama naye, aliyeachana na mwanawe mapema hivyo, aliona mtaani kwake, mbele ya macho yake, ile sehemu aliyokuwa ameikosa: ukubwa wa watu waliokuwa wamemlea mwanawe kwa namna nyingine. Huenda wewe utasema kwamba nayatia mambo haya maana kuliko yalivyo. Huenda. Lakini bibi wa umri ule hasimami barabarani mwezi Novemba, katika baridi ya Uingereza, kwa jambo asilolithamini.

Mwaka wa 2016 ilikuwa zamu ya dada. Tarehe 1 Septemba kibao cha buluu, cha aina ile ambayo Waingereza huweka juu ya nyumba za watu wao wakuu, kiliwekwa kwenye nyumba ya kwanza ya familia huko Feltham, na Kashmira alikuwapo. Mama yao alifariki mwezi wa Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka tisini na minne. Kati ya watu wanne waliokuja kutoka Unguja mwaka wa 1964, alibaki mmoja.

Sasa tuje kwenye swali la yule msichana, maana alitaka kujua watu wake wako wapi, na najua alikuwa akifikiria Unguja. Ukishuka bandarini Malindi, ufuate njia ya Mizingani kando ya bahari, upite Forodhani na Ngome Kongwe, utaingia Shangani. Huko, katika barabara ambayo imepewa jina la Kenyatta, yuleyule Kenyatta wetu, pana nyumba yenye picha zake mlangoni. Tangu mwaka wa 2019 ndani yake mna makumbusho madogo. Wageni hupiga picha mlangoni kutwa. Lakini ukiuliza, "Yuko nani hapa wa ukoo wa Bulsara?" hutapata wa kukujibu. Waparsi karibu wote waliondoka. Hata juu ya nyumba yenyewe wenyeji hawakubaliani, na zaidi ya moja imetajwa kuwa ndiyo. Nyumba bila jamaa ni kama bahasha bila barua. Inaonyesha tu kwamba kulikuwa na aliyeandika.

Ubishi huu uliwahi kuwa mkali. Mwaka wa 2006, mwimbaji alipokuwa angetimiza miaka sitini, mkahawa mmoja wa Mji Mkongwe ulitangaza sherehe ya ukumbusho ufukweni. Jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ikapinga, ikisema kwamba mwenendo wa maisha yake, aliyekuwa na mapenzi na wanaume, ulikwenda kinyume na dini na desturi za visiwa, na kwamba kumtukuza kungeitia Unguja aibu. Sherehe ikaachwa. Wenye kisiwa wana haki ya kusema wanachokiheshimu na wasichokiheshimu, na mgeni kutoka bara kama mimi hana ruhusa ya kuwafundisha. Ninaloona ni kwamba pande zote mbili zilimzungumza mtu yule kana kwamba hakuzaliwa na mtu. Mmoja alimtaka awe kivutio cha watalii, na mwingine alimtaka awe onyo. Mama yake alikuwa hai wakati ule, akiwa na miaka themanini na mitatu, akiishi Uingereza, naye alikuwa Mzanzibari kwa kumbukumbu zake kuliko wengi waliokuja Unguja kupiga picha mlangoni. Nadhani kama angalibaki hata binamu mmoja Shangani, wa kumsalimia asubuhi na kumpa pole, maneno mengi yangalisemwa kwa sauti ya chini zaidi.

Feltham ni mbali, na Unguja nayo si karibu kwa mwanafunzi wa Mugutha. Lakini jambo tunalolizungumza limo katika njia yako ya kila siku. Tarehe 18 Agosti 2019, usiku, kwenye barabara hii hii, karibu na Blue Post mjini Thika, mwimbaji John De'Mathew wa Gatanga alifariki katika ajali ya gari. Kabla ya juma kwisha nyimbo zake zilikuwa zikilia katika kila kibanda kuanzia Ruiru hadi ng'ambo ya mto Chania, na watu wasiowahi kuonana na jamaa zake walikuwa njiani kwenda kuwapa pole.

Na kabla yake alikuwapo Joseph Kamaru. Muulize babu yako, ikiwa ni mtu wa upande huu. Alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka wa 1939, akaja Nairobi kutafuta kazi, akanunua gitaa, na kuanzia miaka ya 1960 akawa mwimbaji ambaye nyimbo zake za Kigikuyu zilipimwa na serikali kama hotuba. Aliimba juu ya walimu wanaowaharibu wasichana wa shule, na walimu wakakasirika. Mimi ni mwalimu, na sioni kwa nini walikasirika, kama si kwa sababu alisema kweli. Alipouawa mbunge J. M. Kariuki mwezi wa Machi 1975, Kamaru aliimba juu ya mauaji yale wakati ambapo wengi waliogopa hata kulitaja jina la marehemu kwa sauti. Alifariki tarehe 3 Oktoba 2018.

Mtu anayewatafuta jamaa za Kamaru hukutana na jambo ambalo lingemshangaza mgeni, lakini lisilomshangaza Mgikuyu, ambaye kwa desturi yake jina la babu humrudia mjukuu. Atakutana na Joseph Kamaru. Huyu ni mwana wa mwanawe, naye ni mwanamuziki pia, ingawa hapigi gitaa la benga. Kazi yake ni kunasa sauti za mahali: mvua juu ya mabati, nyaya za umeme, minong'ono ya mitaa ya Nairobi, na kuzifuma kuwa muziki mrefu usio na maneno. Kwa kazi hiyo alihamia Berlin, na Ulaya humjua kwa herufi nne, KMRU. Wako wapenzi wake huko ambao hawajapata kusikia neno moja la Kigikuyu. Babu alipokufa, mjukuu alizikusanya santuri za zamani, akazisafisha sauti zake, akaanza kuzitoa upya kwa njia ya intaneti, moja baada ya moja, ili yeyote aweze kuzisikiliza. Ukiliandika jina la Joseph Kamaru leo katika simu ya nyumbani kwenu, watakujia wote wawili, mzee na kijana, na itakubidi usikilize kwanza ndipo ujue ni yupi aliyekujibu.